Bweni, familia mwenyeji au nyumba ya kupanga: wapi utapata marafiki ndani ya muhula mmoja ugenini?

Muhula mmoja ugenini ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye barua ya kukubaliwa. Toa wiki ya kwanza inayoliwa na makaratasi, toa wiki mbili za mwisho za mitihani, unabaki na wiki 12 hivi za kuishi kweli. Ndizo zinazoamua kama utaondoka umezoeana na watu au umezoeana na dari la chumba chako.

Ipo hesabu inayosaidia kuchagua. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti wa mwaka 2018 uliowahusu watu wazima waliohamia mji mpya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Marekani, alikadiria kwamba mtu mnayefahamiana tu huwa rafiki wa kawaida mkishakaa pamoja kama saa 50. Urafiki hasa huja kwenye saa 90 hivi, na ule wa kushibana baada ya saa zaidi ya 200. Tena saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito sawa na saa za kula, kucheza na kupiga soga.

Zichukue namba hizo kama kipimo cha mkono, si sheria. Hata hivyo, gawanya 50 kwa wiki 12: unapata saa nne na ushee kila wiki, na mtu yuleyule. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanahudhuria sherehe kumi za kukaribisha wageni, wanapeana namba za simu na watu sitini, na kufika wiki ya tano hawana hata mmoja wa kumgongea mlango. Kwa hiyo, katika kulinganisha huku, kila chaguo tunalipima kwa swali moja: je, litakukutanisha na watu walewale, mara kwa mara, bila kupangiana miadi?

Pa kulala kwanza, kwa sababu ndipo penye saa nyingi

*Bweni lenye jiko la pamoja.* Kwa muhula mmoja, hili ndilo chaguo tunaloliweka mbele kwa watu wengi, na sababu ni jiko, wala si chumba. Dakika 40 jikoni kila siku ni saa 56 kwa wiki 12. Si zote utakuwa na mtu yuleyule, lakini hata nusu yake inatosha kuanzisha mazoea. Saa moja jioni mmoja anakata vitunguu, mwingine kasimama akisubiri maji yachemke na hana la kufanya. Kumsemesha hakuhitaji ujasiri wala kisingizio. Kesho yake mko palepale.

Majiko hayafanani, lakini. Kabla ya kukubali chumba, iandikie ofisi ya makazi uulize mambo manne. Jiko moja linatumiwa na watu wangapi? Kati ya watu 4 na 8 ni pazuri. Wakifika 15 hakuna anayejiona mwenye jiko, vyombo vinalala bila kuoshwa, sufuria zinapotea, na watu wanaanza kula vyumbani. Je, kuna meza na viti? Jiko lisilo na meza ni kituo cha kupashia chakula tu: mtu anapakua, anaondoka na sahani yake. Korido ni ya wageni watupu au imechanganywa na wanafunzi wa kudumu? Na la nne, ambalo watu husahau: Jumamosi na Jumapili bweni linabaki na watu? Yapo mabweni ambayo Ijumaa mchana wenyeji wote hubeba mabegi kwenda kwao, na mgeni anabaki na kelele za jokofu.

Ukipewa nafasi ya kuchagua chumba, chagua kilicho karibu na jiko au ngazi. Utafiti wa Festinger, Schachter na Back uliochapishwa mwaka 1950, kuhusu nyumba za wanafunzi za Westgate huko MIT (chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani), ulionyesha jinsi hatua chache zinavyobadilisha mambo: katika ghorofa moja, majirani wa mlango kwa mlango walitajwa kuwa marafiki kwa asilimia 41, na wa ncha mbili za korido kwa asilimia 10 tu. Waliokaa karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa nyingine. Chumba cha mwisho wa korido kina utulivu wa kusoma, na utaulipia kwa upweke.

*Chumba chenye kila kitu ndani.* Jiko lako, bafu lako, mlango wako. Kinamfaa mwenye ugonjwa unaohitaji faragha, aliyekuja na mwenzi wake, au anayeandika tasnifu. Kwa wengine, ni njia rahisi ya kupitisha muhula bila kusalimiwa. Ukilazimika kukichukua, jua kwamba saa zote za kuzoeana itabidi uzitafute nje, maana yake shughuli mbili za kila wiki na si moja.

*Familia mwenyeji.* Kwa kujifunza lugha, hakuna kinachoishinda. Chakula cha jioni cha saa moja, siku tano kwa wiki, ni saa 60 za kusikia lugha ya nyumbani: namna ya kumkatalia mtoto, kulalamikia mvua, kutania. Lakini angalia unachopata. Unapata familia, hupati marafiki wa rika lako, isipokuwa nyumba iwe na vijana wa umri wako. Nyumba hizi mara nyingi ziko mbali na chuo. Basi la mwisho likiondoka saa nne usiku, wewe ndiwe unayeaga wakati wenzako ndiyo kwanza wanaanza kuchangamka. Na kama chakula kinapakuliwa saa moja kamili, mazoezi ya klabu ya saa kumi na mbili na nusu yamekupita.

Matatizo mengi ya nyumba za wenyeji yanatokana na mambo yasiyosemwa siku ya kwanza. Kaeni mezani mzungumze: ufunguo unao mwenyewe? Ukichelewa, unapiga simu saa ngapi? Kufua ni siku gani, na nani anafua? Mgeni anaruhusiwa kuingia, kulala je? Unachukua chakula kwenye jokofu bila kuomba, au hapana? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, usisubiri kupewa. Omba kazi moja ya kudumu, kama kuosha vyombo siku fulani au kumtembeza mbwa. Mwenye kazi ndani ya nyumba huacha kuchukuliwa kama mpangaji anayelishwa.

*Nyumba ya kupanga pamoja na wenzako.* Ikikubali, ndiyo bora kuliko zote: watu watatu au wanne, wenyeji, sebule moja. Isipokubali, ndiyo mbaya kuliko zote. Wenyeji walioishi mjini miaka mitatu wana marafiki wao tayari, na wewe wa muhula mmoja unaweza kuwa tu mtu wa kusaidia kodi. Wakati wa mahojiano (karibu nyumba zote huhoji) uliza: huwa mnakula pamoja? Mara ya mwisho mlikula pamoja lini? Wakianza kutazamana, umeshajibiwa.

Upande wa mkataba ndipo wageni wengi wanapoumia. Mikataba mingi ni ya mwaka. Wewe unahitaji kushika nafasi ya mtu anayeondoka kwa muhula, kwa maandishi, na mwenye nyumba akiwa ameridhia. Usitume amana kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho. Anayedai yuko safarini na kwamba ufunguo utakuja kwa posta ukishalipa ni tapeli, hata akituma picha ya pasipoti. Siku ya kuingia, piga picha kila doa ukutani na usomaji wa mita, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Bila hivyo amana huyeyuka siku ya kuondoka, nawe una ndege ya kuwahi na huna muda wa kubishana.

Pa kukutana: ukizipanga saa zake kando kwa kando

Haya ni makadirio ya wiki 12. Yahesabu upya kwa ratiba yako.

| Njia | Hesabu | Jumla |
|---|---|---|
| Klabu mara moja kwa wiki, unaondoka ikiisha | saa 2 × 12 | 24 |
| Klabu ileile, unabaki saa moja baadaye | saa 3 × 12 | 36 |
| Klabu mara mbili kwa wiki, unabaki nusu saa | saa 5 × 12 | 60 |
| Kubadilishana lugha na mtu mmoja | saa 1.5 × 12 | 18 |
| Kazi ya kikundi darasani | saa 2 × wiki 8 | 16 |
| Safari moja ya siku mbili | saa 14 × 2 | 28 |
| Rafiki wa kupangiwa na chuo | kahawa 3 | 3 |

Mstari wa safari ndio unaoeleza jambo ambalo huwashangaza watu: kwa nini wageni hushikana haraka namna ile wao kwa wao. Safari mbili za mwisho wa wiki, na tayari mmevuka saa 50. Wenyeji hawasafiri nawe. Wana kazi za vibarua, wana mama zao, wana timu zao.

Basi tuanze na wageni wenzako. Watu watakuambia usiambatane nao, eti umekuja kuwajua wenyeji. Usiwasikilize sana. Stephen Bochner na wenzake, mwaka 1977, walionyesha kwamba wanafunzi wa ng'ambo huwa na mitandao mitatu yenye kazi tofauti: watu wa kwao kwa ajili ya kushikilia utamaduni wao, wenyeji kwa mambo ya masomo na ya kiofisi, na wageni kutoka nchi nyingine kwa starehe. Mmoja haujazi nafasi ya mwingine. Mwanafunzi mwenye marafiki wa aina moja tu ndiye anayeyumba: wa kwao watupu, hajifunzi lugha; wenyeji watupu, hana wa kumwambia alivyochoka. Kasoro ya wageni wenzako ni mbili. Lugha mnayozungumza mara nyingi si ya nchi mliyopo, na mkisafiri kila Ijumaa, ndiyo siku hiyohiyo wenyeji wanakutana. Safari mbili hadi tatu kwa muhula zinatosha.

Watu wa kwenu wana faida kubwa wiki mbili za mwanzo: laini ya simu, foleni ipi ya kibali cha makazi huenda haraka, benki gani haisumbui. Baada ya hapo, jioni moja kwa wiki. Na hapa tuseme jambo la simu ya nyumbani, ambayo haipo kwenye jedwali. Kuongea na nyumbani saa mbili kila usiku ni saa 14 kwa wiki, zaidi ya mara tatu ya zile nne na ushee unazohitaji kwa rafiki mmoja. Panga siku, wajue, wakuzoee hivyo. Mama hatakasirika ukimpigia Jumatano na Jumapili. Atakasirika ukisema utapiga usipige.

Klabu ndiyo njia kuu ya kuwafikia wenyeji, ila chagua kwa makini. Kwanza, iwe ya kila wiki. Klabu ya kukutana mara moja kwa mwezi itakupa mikutano mitatu, basi. Pili, kama lugha bado nzito mdomoni, chagua ambayo mikono na miguu ndiyo inayofanya kazi: kwaya, mpira wa wavu, kupanda milima, ufinyanzi, michezo ya ubao. Klabu ya midahalo itakukalisha pembeni ukitabasamu. Tatu, wahi. Nyingi huandikisha wanachama wiki mbili tatu za mwanzo, na timu za michezo zikishapanga vikosi hazifungui tena. Nenda kwenye majaribio ya klabu nne au tano wiki ya kwanza, wiki ya pili baki na mbili, nyingine ziage bila haya. Anayekuwa mwanachama wa klabu saba si mwanachama wa yoyote.

Halafu zitazame zile dakika ishirini za mwisho. Mazoezi yamekwisha, watu wameketi chini wanafungua viatu, mmoja anauliza nani ana njaa. Mgeni ndiye aliyekwisha kutoka mlangoni, kwa sababu ratiba ilisema hadi saa mbili. Kumbe mazoezi yenyewe yalikuwa kazi. Urafiki ulikuwa kwenye kufungua viatu. Ukiona huna sababu ya kubaki, ishike kazi ya kukunja viti au kukusanya mipira. Hakuna anayeuliza kwa nini bado upo.

Kubadilishana lugha kunaonekana kuzuri kwenye karatasi, na hufa wiki ya nne. Sababu ni zilezile: lugha yenye nguvu humeza nyingine, na mada za "una ndugu wangapi" zimeisha. Tiba yake ni saa ya simu. Dakika 40 lugha moja, ikilia mnabadilisha, hata katikati ya sentensi. Kila mmoja aje na kitu mkononi: tangazo, ujumbe asiouelewa, ukurasa mmoja wa gazeti. Kubalianeni pia namna ya kusahihishana, maana anayekatizwa kila neno hunyamaza. Mkikutana mnatembea, badala ya kukaa mnatazamana kama kwenye usaili, mazungumzo hupumua. Lakini kwa saa 18, utapata mtu wa kufahamiana naye. Akikualika kwa wenzake, ndipo jambo linapoanza.

Darasani tegemea kidogo. Kwenye mhadhara wa watu mia mbili hutapata mtu kwa kutamani. Hata hivyo, kaa mahali palepale kila mara. Moreland na Beach, mwaka 1992, waliwapeleka wanawake wanne katika darasa la chuo kikuu, mmoja asihudhurie kabisa, wengine mara 5, 10 na 15, bila kuzungumza na mtu. Aliyeonekana mara nyingi zaidi ndiye wanafunzi waliyempenda zaidi. Sura ikishazoeleka, neno la kwanza huwa jepesi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua kozi, angalau moja iwe ya semina ya watu 15 hadi 25 au ya maabara. Katika kazi ya kikundi wenyeji huogopa kimyakimya kwamba lugha yako itashusha alama zao. Iondoe hofu hiyo mapema: omba kipande kilicho wazi, cha takwimu, michoro au kutafuta vyanzo, na ukimalize siku mbili kabla. Kisha ukiwa unaondoka maktaba nao, sema unakwenda kula.

Rafiki wa kupangiwa mara nyingi ana wageni watano na mitihani yake. Kumlaumu kwa kutoonekana ni kupoteza muda. Mwombe jambo moja tu, lenye mwisho: akufikishe kwenye klabu moja anayoijua na akutambulishe kwa mtu mmoja kwa jina.

Namna ya kualika, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi huharibika

"Tutafutane siku moja" ni salamu ya kuagana, si mwaliko. Linganisha na hii: "Alhamisi saa kumi na mbili nakwenda kwaya. Ukipenda tuondoke pamoja, nakusubiri hapa mlangoni." Ina siku, saa, mahali, na kubwa zaidi, wewe unakwenda hata yeye asipokuja. Akikataa hajakuangusha. Akikataa mara mbili bila kutaja siku nyingine, mwache, elekea kwa mwingine. Lakini mara moja si kitu. Wageni wengi huacha baada ya "hapana" ya kwanza, wakidhani wamekataliwa wao, kumbe imekataliwa Alhamisi.

Jambo jingine la ratiba: mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika makala yake ya mwaka 1960, alieleza mshtuko wa ugenini kama safari inayoanza na msisimko, ikashuka kwenye kuchukia kila kitu, kisha ikapanda taratibu. Kwa muhula mmoja mteremko huo mara nyingi hufika kati ya wiki ya tatu na ya sita, wakati sherehe za kukaribisha zimekwisha na kazi za kwanza zinasahihishwa. Ndiyo wiki ambazo mtu huruka mazoezi "leo tu". Usifanye uamuzi wa kuacha klabu wala wa kurudi nyumbani ndani ya wiki hizo. Hudhuria ukiwa umenuna, inahesabika.

Basi nani achukue nini

Mwenye haya, asiyependa kuanza mazungumzo: bweni lenye jiko la watu 4 hadi 8, na klabu moja ya mara mbili kwa wiki. Jiko litamsaidia kuanza.

Aliyekuja kwa ajili ya lugha: familia mwenyeji, kwa sharti kwamba basi la usiku lipo na anaruhusiwa kukosa chakula cha jioni siku mbili kwa wiki. Sharti la pili likikataliwa, achukue bweni lenye wenyeji na atafute wa kubadilishana naye lugha.

Anayeiweza lugha tayari na ana mtu wa kumkagulia nyumba: apange na wenyeji wanaokula pamoja.

Anayekaa chini ya miezi minne asihangaike na mkataba wa nyumba. Muda wa kuitafuta, kuhojiwa na kununua shuka utamla mwezi mzima.

Na ukigundua umekosea? Chumba hubadilishwa kwa urahisi zaidi wiki ya pili hadi ya nne, kwa sababu ndipo walioandikishwa wasiofika hufutwa na vyumba vyao kufunguliwa. Nenda ofisi ya makazi mwenyewe, asubuhi, ukiwa umeandika namba ya korido unayoitaka. Familia mwenyeji hubadilishwa kupitia mratibu, naye atataka kujua mlishazungumza nini mezani, kwa hiyo andika tarehe. Klabu unaweza kuihama hadi katikati ya muhula. Baada ya wiki ya nane usihamie pengine popote: chukua watu wawili ambao umeshafikisha nao saa ishirini au thelathini, uwapeleke safari ya siku mbili.